Jina la Orrin Pell

Jumanne, tarehe 9 Oktoba 1883, saa nne na dakika kumi asubuhi, wino wa neno moja ulikataa kukauka.

Thirza Wheelock alikuwa akinakili orodha ya askari wa miguu waliojitolea kutoka wilaya yao katika jimbo la Vermont kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baba yake, aliyekuwa kapteni wao, alikuwa akiandika historia ya kikosi, na kitabu kilitakiwa kwa mchapaji kesho yake. Majina themanini na mawili yalikuwa yamekauka. Neno "alitoroka", mbele ya jina la Orrin Pell, lilibaki bichi.

"Alitoroka tarehe ngapi, baba?"

"Wewe na tarehe zako. Chuo kimekufundisha kusumbua wazee tu. Soma, mwanangu, tumalize."

Alisoma, kapteni akijibu: amekufa, yu hai, amekufa. Alipofika kwa Pell, chumba kilinuka sufu inayoungua, ingawa jiko halikuwa na moto. Kwenye kiti kitupu kando ya jiko, mtu alikohoa.

"Umesikia?" Thirza alinong'ona.

"Ruka hilo."

Lakini hakuweza kuliruka, kwa sababu mama yake Orrin alikuwa bado hai, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiketi peke yake kanisani, maana hakuna aliyetaka kukaa na mzazi wa mtoro. Basi akalisoma tena, na kiti kikalia kama kimekaliwa, na moshi usioonekana ukamkaba koo, na pale pasipo mtu sauti ya kijana, kavu, yenye adabu, ikaitika:

"Nipo, Kapteni."

Baba yake alijikunyata.

"Alivunjika mguu," alisema kwa sauti ya chini. "Msitu ulikuwa unaungua. Alinishika buti, Thirza. Nikaupiga teke mkono wake."

"Ukaandika kwamba alitoroka."

"Wangeniuliza kwa nini sikumbeba."

Asubuhi iliyofuata Thirza alilikata neno lile, akaandika: Aliungua akiwa hai, kapteni wake alimwacha. Nyuma ya mlango wa chumba, baba yake alikuwa akiomba radhi, akinyamaza kidogo, akiomba tena, kama mtu anayejibiwa. Thirza hakubisha hodi. Alipeleka karatasi kwa mchapaji, kisha akaenda kwa Bibi Pell, mama yake Orrin, na kumsomea maneno yale mlangoni.

Kikongwe hakulia. Alikwenda kufungua madirisha yote mawili ya upande wa jirani.

"Nisomee tena, binti," alisema. "Kwa sauti."

Thirza akasoma.