Mwito wa Kwanza Kule Lusangi

Sajini Alimasi alikuwa amekwisha kufunga daftari lake pale sauti ilipoita, "Tisa."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomchanganya. Nene, kavu, na kikohozi chake kidogo cha tumbaku mwanzoni. Ilitoka nyuma ya mstari wa watoto, upande wa ukuta wa zamani uliobomoka, na midomo yake yeye ilikuwa imefungwa. Lakini Emile, mtoto wa namba tisa, ambaye alikwisha kuitwa na kuitika, aligonga visigino akasema, "Prezan," yaani nipo, kwa Kifaransa cha kambi. Wenzake walicheka chinichini wakidhani Sajini amesahau.

Lazima niwaambie shule ile ilikuwaje, maana leo pamebaki matofali na majani tu. Enzi ya Wabeleji palikuwa na kambi ndogo ya askari kilimani, nje ya Lusangi, ukishika njia ya Kabambare, na ndani ya kambi waliweka shule ya bweni ya watoto wa askari. Baba yako akiwa askari, wewe ni wa serikali. Unachukuliwa una miaka minane au tisa, unanyolewa, unapewa kaptura ya kaki, blanketi moja na namba. Jina unaliacha mlangoni. Asubuhi tarumbeta, kisha apeli, yaani kuitwa namba moja moja, kisha gwaride, Kifaransa kidogo, kupalilia muhogo wa kambi, na jioni apeli tena. Asiyeitika palepale alikula fimbo nne. Alimasi aliwatambia wenzake kwamba watoto wake huitika hata kabla namba haijamtoka mdomoni, na kweli, alikuwa amewachapa mpaka wakafika hapo. Ningekuwa mimi nisingejivunia, lakini mimi sikuwa sajini.

Kinachoniudhi ni kwamba alijua. Alikuwa mtu wa Kasongo, mtoto wa Waislamu wa mjini, na kwao mtoto hufundishwa mapema kabisa: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza, ngoja mwito wa tatu. Binadamu akikutaka ataita tena. Kile kingine huita mara moja tu. Bibi yake alimfundisha hivyo huku akisonga ugali, naye akaja kuiondoa adabu hiyo katika vichwa vya watoto arobaini na mbili kwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Na mmoja wa hao arobaini na mbili alikuwa mwanawe wa pekee, Hemedi, miaka kumi na mmoja, namba kumi na saba.

Jumapili mama yake Emile, Véronique, alifika kutoka Kabambare. Alikuwa ametembea siku mbili na karanga za kukaanga kwenye kitambaa. Alimwita mwanawe kwa jina, akamwita tena, na mtoto akampita pembeni kama mtu anavyoupita mti. Mtoto alipopita, Véronique alisikia harufu ya kamba iliyolowa, kamba na jasho la watu wengi waliokaa pamoja muda mrefu. Alimshika mabega. Mtoto alisimama tu, wima, anangoja kuamriwa.

"Sajini, huyu hapana mutoto wangu," Véronique alisema polepole. "Ngozi iko yake. Lakini yeye mwenyewe mumemupeleka wapi?"

Alimasi alimwambia mama huyo kwamba mtoto amechoka tu. Karanga zilibaki kizingitini mpaka kuku wakazila.

Siku ya nne baada ya Emile, sauti ile ilimpata Antoine, namba thelathini na moja. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, watoto wamelala kidogo bwenini baada ya chakula, na mke wa Alimasi, Mwamvita, aliyekuwa mpishi wa shule, anasugua masufuria nje. Alisikia mumewe akiita namba ile kutoka uwanjani. Alisikia mtoto akiitika usingizini. Aliinua macho. Uwanja ulikuwa mtupu, bendera imelala juu ya mti wake, na mumewe alikuwa amekaa nyuma ya Mwamvita kwenye kigoda akitengeneza mkanda.

"Baba Hemedi," Mwamvita alinong'ona, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Tumutoe mutoto leo. Leo hii."

"Tumupeleke wapi? Mutoto wa askari akitoroka wanamurudisha na kamba, na baba yake anaingia gereza Kasongo. Unajua."

Mwamvita alijua. Ndiyo maana hakulia. Alifuta mikono kwenye kitenge akateremka Lusangi kumtafuta Mama Subira, mwanamke aliyeuza mawese na kutoa mashetani kwa watu waliopagawa. Mama Subira alipanda na dumu lake kichwani ili askari wa mlangoni wadhani anauza mafuta. Alichoma ubani kidogo nyuma ya jiko, akatembea kando ya ule ukuta wa zamani huku akiugusa kwa kiganja, akarudi kwa Mwamvita na mumewe amekaza midomo.

"Wakati wa Waarabu hapa palikuwa boma," alisema. "Watu waliokamatwa huko juu walilala humu. Asubuhi anatoka msimamizi, anawaita. Anayeitika anafungwa kwenye kamba, anatwishwa pembe ya ndovu, anakwenda, harudi. Msimamizi alikufa, watu walikufa, ile kazi ya kuita haikufa. Jini limeishika."

"Litoe, mama," Alimasi alisema. "Nitalipa chochote."

"Jini likija kwa mutu namutoa. Hili halikuja, mwanangu. Hili lilikuwa hapa, ninyi ndio mumekuja, tena mumeliletea watoto waliofundishwa kuitika." Alimtazama vizuri. "Nani aliwafundisha?"

Alimasi aliificha fimbo yake ya kiboko nyuma ya mgongo, na Mwamvita akaiona.

Basi akafanya la kufanya. Luteni wake, yule Mbeleji mkuu wa kambi, alikuwa amekwenda Kasongo kwa majuma mawili. Alimasi aliwakusanya watoto akawaambia, kwa sauti ya chini ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, kwamba tangu leo atamwita kila mmoja mara tatu, waitike ya tatu, na anayeitika ya kwanza ndiye atakayekula fimbo. Watoto walimtazama kwa mashaka wakidhani ni mtego. Jioni alimwita Hemedi kando, akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ukisikia mimi nakuita mara moja tu?"

"Nanyamaza, baba."

"Hata kama sauti iko yangu?"

"Hata iko yako."

Na ilisaidia. Majuma mawili ile sauti iliita kila siku, mara moja, asubuhi au mchana, na hakuna mtoto aliyefungua kinywa, walisimama wamebana meno, wengine mkojo ukiwachuruzika miguuni, na sauti ikanyamaza. Lakini kila siku ilikuwa imesogea, kutoka ukutani mpaka penye mti wa bendera, kutoka penye bendera mpaka nyuma ya mstari wenyewe, hata watoto wa safu ya mwisho wakasema wanahisi pumzi shingoni, na ile harufu ya kamba iliyolowa ikaingia katika mablanketi, katika muhogo, katika maji ya kunywa.

Luteni alirudi siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi alikuja uwanjani na fimbo yake kwapani kutazama apeli. Alimasi aliita, "Moja." Kimya. "Moja." Kimya. Luteni aliinua mkono.

"Hawa watoto iko na ugonjwa ya masikio?" aliuliza kwa Kiswahili chake. "Namba moja, hapa. Sajini, piga nne."

"Bwana Luteni, mimi niliwaambia..."

"Piga nne. Halafu wote naitika mara ya kwanza. Asiyeitika, nane."

Alimasi alimpiga mtoto yule. Mwamvita alitazama kutoka mlango wa jiko, na Mama Subira, aliyekuwa ameleta mawese, alimshika mkono. Kisha apeli ikaanza upya, na watoto, masikini, wakaitika mara ya kwanza, mmoja baada ya mwingine, kwa haraka ileile ya zamani, kwa sababu woga wa fimbo walikuwa nao kwa miaka na woga wa jini kwa majuma matatu tu. Tisa, akaitika Emile kwa sauti isiyo na mtu ndani. Kumi. Kumi na moja. Alimasi alisikia pumzi upande wa pili wa mstari, pumzi yenye kikohozi chake, ikimfuata namba kwa namba kama mtu anayesoma begani kwa mwenzake, na alipoikaribia namba ya mwanawe, kumi na saba, akaona jambo moja tu analoweza kufanya, aiache ile namba, airuke, asiitamke kabisa, ili mtoto asiitwe na yeyote, na Luteni asigundue, maana alikuwa anatazama saa yake ya mfukoni.

"Kumi na sita."

"Prezan."

Alimasi alivuta pumzi ili aseme kumi na nane.

"Kumi na saba," ilisema sauti yake, kwa utaratibu wake, mahali pale pale alipopaacha wazi.

Hemedi alikuwa anaingoja namba hiyo. Alikuwa ameihesabu ikija, akiogopa fimbo nane, na baba yake alikuwa mbele yake, mdomo wazi. Angejuaje? Aligonga visigino.

"Prezan," alisema, haraka kuliko wote.

Jikoni sufuria lilianguka. Alimasi aliangusha daftari, akapiga hatua moja kuelekea kwa mtoto, akakutana na macho yake, na macho hayakumjua.

"Vizuri," alisema Luteni akifunga saa yake. "Huyu hodari. Endelea, Sajini."

Naye akaendelea. Ndiyo, aliendelea mpaka arobaini na mbili, na watu wa Lusangi hawakumsamehe hilo, wala yeye hakujisamehe, ila sijui wangetaka afanye nini.

Hemedi aliingia jeshini alipofika umri. Askari mzuri sana, walisema, hachoki, hakatai, haulizi. Alipata mke, alipata sharubu, alipata tepe ya koplo. Akija likizo anakula anachopewa na kumwita Mwamvita "mama" kwa sababu ameambiwa ndiye mama.

Mwamvita humpakulia, humtandikia kitanda, kisha saa sita mchana huchukua njia ya kupanda kilimani. Shule ilihamishwa, bweni lilianguka. Husimama penye mti wa bendera. Huita mara tatu, kama inavyopasa mtu kumwita mtu.

"Hemedi. Hemedi. Hemedi."

Na kutoka chini, chini kabisa ya uwanja, huitika sauti nyembamba ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, anayetetemeka, anayeogopa kuchelewa.

"Prezan."

Mwamvita hukaa naye mpaka jua lipungue. Kisha hushuka kumpikia yule mwingine.