Busta ya Kabatini

Simu ilitetemeka mara mbili, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Nyigu aliipokea bila kusema halo.

“Gari limegoma,” sauti ya Mkuu ilisema, kwa mafumbo yao ya kazini.

“Nalishtua saa tatu.”

“Una dakika ishirini. Zikipita, unatoka.”

“Sitoki mikono mitupu, Mkuu.”

Simu ilikatwa.

Ofisini, kwenye kikosi cha kuzuia magendo, walimwita Nyigu kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hakuwa na simile. Lakini wiki tatu hizi hasira yake haikuwa ya kazi. Ilikuwa ya damu. Kaka yake, dereva wa ambulensi kwa miaka kumi na sita, alikuwa mahabusu. Gari lake lilizimika njiani nyuma kukiwa na mama mjamzito anayevuja damu. Akatoa busta, kile kiboksi cha kuamsha betri iliyokufa, mpya kabisa, aliyokabidhiwa na waajiri wake mwezi huohuo. Kikawasha taa ya kijani. Injini ikasema tik, basi. Yule mama alifia palepale, dereva akiwa barabarani anasimamisha magari kwa mikono.

Wakubwa wake wakaandika barua kwamba dereva hakutunza gari. Kesho asubuhi angesomewa mashtaka.

Nyigu aliisoma barua hiyo mara moja tu, akaikunjakunja, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo chakula hakikuwa na ladha.

Busta zile ziliingia nchini kwa magendo, makontena mawili yaliyoandikwa kuwa ni ya tochi. Mwagizaji walimjua, na ghala lake walilijua. Tatizo lilikuwa mwanasheria wa idara.

“Mkionyesha tu kwamba ni feki, atasema naye katapeliwa na kiwanda,” aliwaambia. “Nataka kuona kwamba alijua.”

Alijua. Nyigu angeweza kuapa. Lakini mahakama haifungi mtu kwa kiapo cha dada wa mshtakiwa.

Saa tatu kamili aliingia ghalani. Alivaa miwani ya kusomea yenye kamera kwenye fremu na kubeba mkoba wa kahawia. Chini ya mafaili kulikuwa na bastola ndogo aina ya Walther.

Mwenye ghala aliitwa Dhamana, kwa kuwa hakuna alichouza bila kukuapia dhamana ya miaka miwili. Alikuwa mnene, mchangamfu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

“Karibu mama, karibu. Kaa hapo kwenye feni.”

“Nina mabasi arobaini. Yote dizeli. Natafuta busta.”

“Basi umefika mwisho wa safari.” Alipiga kofi rundo la maboksi lililopangwa mlangoni hadi usawa wa kifua. “Hizi hapa. Elfu ishirini na nne.”

“Elfu ishirini na nne ya nini?”

“Ya nguvu.”

Nyigu alivuta pumzi. Taratibu, alijiambia. Taratibu.

“Hiyo ni hesabu ya chaji inayokaa ndani, bwana, na nayo mmejiandikia tu. Mimi nauliza ampia, ule msukumo wa kuamsha injini. Injini ya lita nne, asubuhi, ikiwa baridi. Hii inasukuma ampia ngapi kwa mkupuo mmoja?”

“Aa, mama, wewe ni fundi!” Dhamana alicheka. “Inasukuma za kutosha.”

Nyigu alifungua boksi, akaushika waya. Ulikuwa mwembamba, wa kuchajia simu. Vibanio vilikuwa bati tupu. Alikitikisa kiboksi karibu na sikio, kikachakarisha ndani. Mchanga. Walikuwa wametia mchanga ili mnunuzi aone ni kizito, aamini.

Mchanga. Mtu alikaa mahali, akachota mchanga kwa kijiko, akafunga skrubu. Nyigu alikirudisha kiboksi ndani ya boksi lake.

“Na wewe gari lako unatumia ipi?”

“Hiyohiyo, mama. Siwezi kukuuzia nisichotumia mwenyewe.”

“Hiyohiyo?”

“Haki ya Mungu.”

Nyigu aligusa kishikizo cha kola yake. Kishikizo kilikuwa kipaza sauti.

“Nimeridhika,” alisema.

Ndilo neno Mkuu alilokuwa akilisubiri. Sekunde kumi baadaye simu ya Dhamana iliita. Mpigaji alikuwa mtu wake wa forodhani, aliyemuuzia siri mwaka mzima. Dhamana hakujua kwamba mtu huyo alikamatwa jana, na sasa alikuwa akisoma karatasi aliyowekewa mbele yake.

“Wanakuja kwako. Dakika tano. Kimbia.”

Uchangamfu ulimtoka Dhamana wote. Alinyakua funguo, akampita Nyigu bila kuaga, akatoka mbio uani.

Nyigu alimfuata polepole, miwani puani.

Prado nyeusi ya Dhamana ilikuwa kivulini. Hatua tatu kutoka hapo, mwosha magari mwenye ndoo alikuwa akisugua tairi la gari jingine. Ndiye Fundi, mwenzake Nyigu, ambaye nusu saa iliyopita aling’oa betri nzima ya ile Prado na kupachika nyingine iliyo mahututi.

Dhamana aliingia, akageuza ufunguo. Tik, ilisema Prado.

Tik.

“Wewe!” Dhamana alimwita Fundi. “Njoo usukume.”

“Hiyo si otomatiki, bosi? Haisukumiki.”

Dhamana alishuka na kurudi mbio ghalani. Maboksi mia mbili yalikuwa mlangoni, yakimwangalia. Moja lilimziba njia, akalipiga teke. Akapita. Akafungua kabati la chuma kwa funguo, akatoa busta kuukuu, nzito, yenye nyaya nene kama kidole na vibanio vya shaba. Akarudi akihema, akainua boneti, akabana nyekundu, akabana nyeusi.

Prado iliwaka mara moja.

“Zima.”

Walther ilikuwa usawa wa sikio lake.

“Mama, mimi…”

“Mbona hukuchukua ya mlangoni?”

“Nimeshika iliyokuwa karibu.”

“Ya karibu umeipiga teke.”

Nyigu alitamani kufyatua. Alitamani kwa moyo wote, na kidole kilikuwa mahali pake.

“Kuna mama alikufa akisubiri hiki ulichokifungia kabatini.”

“Sikumjua huyo mama.”

“Busta ulizijua.”

Fundi aliweka ndoo chini, akamvisha Dhamana pingu. Ndipo Nyigu alipoishusha bastola.

“Picha zimefika,” alisema Mkuu kupitia kisikizi cha sikioni. “Mwanasheria kaketi anachekelea. Kaka yako anaachiwa leo. Njoo uandike ripoti.”

“Kesho,” Nyigu alijibu, akazima.

Saa tisa alasiri kaka yake alitoka kwenye lango la mahabusu, viatu havina kamba, ndevu zimemjaa. Walikumbatiana.

“Twende, kaka. Mama kapika tangu asubuhi.”

“Kwanza nipite kwa mume wa marehemu.”

“Atakufukuza.”

“Anifukuze.” Alikuwa anaangalia viatu vyake. “Nilimwambia mkewe gari litawaka sasa hivi. Nilimwambia mara tatu, na kila mara aliitikia sawa.”

Hasira ilimpanda Nyigu upya, na safari hii hakukuwa na wa kumwelekezea bastola. Alivua miwani, akaitia mkobani, akamshika kaka yake kiwiko.

“Basi twende tukamwambie kwa nini halikuwaka.”

Wakavuka barabara.