Baruti Ipo Mabibo

"Mabibo, mkuu! Si Mabibo!"

"Mabibo si Mabibo? Nusaiba, umelewa?"

Nusaiba aliipiga ngumi dashibodi ya Land Cruiser. Alikuwa Mitwero, ukingoni mwa Lindi mjini, simu ya setilaiti ya Thuraya sikioni, injini ikinguruma. Upande wa pili alikuwa Benedicto, mkuu wake wa operesheni, Dar es Salaam.

"Mtaa wa Mabibo hapo Dar achana nao. Mabibo ya huku ni matunda. Bibo la korosho!"

"Klementi kasema wazi. Sikiliza."

Rekodi ikakwaruza. Sauti ya Klementi, jasusi mwenzake, ikihema: "Baruti ipo mabibo. Wanalipua bomba la gesi ikifika Magharibi. Wameni..."

Rekodi ikakatika hapo.

"Vikosi vyote viko Mabibo," Benedicto alisema. "Nenda Kilwa Masoko, ndege inakusubiri."

"Gari la Klementi limeonekana Rutamba alfajiri!"

"Na sasa ni alasiri. Romani kishamfikisha Dar. Acha ubishi wa kwenu."

Romani. Muuza silaha. Hajawahi kuacha mateka hai.

"Sikiliza nyuma ya sauti, mkuu. Du. Du. Du. Huo ni mchi. Watu wanatwanga mabibo, wanakamua pombe ya uraka. Huko mtaani kwenu nani anatwanga?"

"Wanatwanga kisamvu! Nenda Kilwa. Hii ni amri."

"Unasemaje? Mkuu? Mtandao... sikusikii..."

Alikuwa anamsikia vizuri sana.

Akakata simu. Akakata na kona ya Rutamba.

Jua lilikuwa linashuka naye. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, vumbi jekundu nyuma, akimwomba Mungu kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Ndani ya mikorosho, nje ya Rutamba, harufu ya mabibo yaliyochacha ilimpokea kabla ya watu. Kisha mchi. Du. Du. Du.

Mama mmoja alikuwa anatwanga peke yake, jasho likimtiririka. Kinu kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uraka hakuna, mwanangu. Wageni wamechukua banda lote na mapipa yake. Wengine wameondoka, kabaki mmoja. Wameniambia nitwange tu, nisinyamaze."

Nusaiba alielewa. Mchi ulikuwa unafunika mayowe.

"Basi usinyamaze, mama."

Akachomoa bastola yake ya Glock. Akapiga mlango wa banda teke.

Klementi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, uso umevimba, kitambaa kimemjaa kinywani. Nyuma yake, Romani. Kipara kinang'aa. Bastola ya Makarov kwenye shingo ya mateka.

"Tupa bastola, dada."

Klementi alijitupa huku na huku. "Iha! Iha!"

Nini? Kipara?

Nusaiba alikitaka sana kile kipara. Kilikuwa kimechomoza vidole viwili tu juu ya bega la Klementi. Akikosea, anamuua mwenzake.

"Iha!"

Masikio yake yalitaka kusikia kipara. Kama ya Benedicto yalivyotaka kusikia Dar.

Silabi mbili. Si tatu.

Pipa.

Lilikuwa kichanjani, juu ya Romani, limejaa uraka.

Alifyatua. Mara tatu.

Mchirizi mkali ulimpiga Romani machoni. Akapiga kelele, Makarov ikapanda juu, risasi ikatoboa bati. Nusaiba alishamfikia. Kiwiko kooni. Goti tumboni. Pingu.

Akamchomoa Klementi kitambaa.

"Pipa," Klementi alikohoa. "Nimesema pipa."

"Nimesikia."

Baruti ilikuwa imefukiwa chini ya lundo la mabibo, palepale bomba la gesi linapopita, kiwashio chake tayari kimefungwa. Nusaiba aling'oa nyaya zote. Nje, adhana ya Magharibi ikaanza.

Thuraya ikalia.

"Nusaiba! Tumepekua mtaa mzima, hamna kitu! Rubani anasema hujafika! Uko wapi?"

"Mabibo."

"Mabibo wapi? Mimi mwenyewe niko Mabibo, sikuoni!"

Nusaiba alizima simu, akampa Klementi bega, wakatoka. Mlangoni akamwambia yule mama apumzike.

Mchi ukanyamaza.