Abee, Mama

Kudra wa Mzee Hussen, jirani yetu wa Mlandizi, ni mtoto aliyelelewa akaleleka. Ulikuwa ukimwita, hata ameinamia beseni anafua, unasikia "Abee!" kabla hujamaliza jina. Mama yake, marehemu Biasha, hakuwa na mchezo na jambo hilo. Mtoto wa kike akiitwa na mkubwa haulizi "nini", wala haulizi "nani". Anaitika abee, kisha anakwenda. Lakini Biasha huyohuyo alimfundisha na jingine: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza. Usiitike mpaka umwone uso.

Siku mambo yalipoanza ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Chuo kilikuwa kimefunga. Ile kampasi ya kilimo na mazingira, iliyojengwa porini huko upande wa Vihingo, ilibaki na mlinzi, ngedere na Kudra. Wenzake walishapanda basi na mabegi yao. Yeye alisema anabaki kwa ajili ya miche yake ya muhogo, iliyokuwa kwenye kitalu nyumba, lile banda la nailoni na wavu lililo nyuma ya maabara. Miche ile ndiyo ilikuwa utafiti wake wa shahada. Ikikosa maji, mwaka mzima umepotea.

Ndivyo alivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba hakutaka kurudi nyumbani. Biasha ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile. Alipozikwa, waliobaki hawakujua waongee nini. Baba yake alikuwa akipiga simu, anauliza, "Umekula?" Akijibiwa, anakohoa, anakata. Simu nyingine zilizoingia zilikuwa za mtandao kumtangazia vifurushi.

Jua lilipofika utosini, Kudra alikuwa ameinama anamwagilia.

"Kudi!"

Hilo lilikuwa jina la nyumbani. Chuoni hakuna aliyelijua. Ulimi ulishaanza kuitika, akaung'ata. Alichungulia kupitia wavu. Aliona mikorosho, mlango wa maabara uliofungwa kwa kufuli, na jua. Mtu hakuwepo.

Alikwenda mpaka getini, kwa mlinzi, Mzee Seifu.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Kuna mgeni ameingia?"

"Mgeni gani likizo hii?" Mzee Seifu alimtazama vizuri, akashusha sauti. "Umeitwa?"

Kudra aligeuka kukitazama kitalu.

"Umeitika?"

"Hapana."

"Basi kausha hivyohivyo. Kesho nenda kwenu. Maji nitamwagilia mimi."

Sasa hapo ndipo ninapomkasirikia Kudra, na ndipo ninapomhurumia. Kama ni miche, alishapata mtu. Asubuhi angepanda bodaboda akaondoka zake. Hakuondoka. Alikwenda kitaluni, akamwagilia, akamaliza, akakaa juu ya ndoo. Alikuwa anasubiri, na alijijua kwamba anasubiri.

Alasiri ikaja.

"Kudi wee! Huji?"

Sauti ilikuwa na kero ileile ya mama yake, kero ya mtu aliyeacha chungu motoni. Kudra alilia, kisha akacheka peke yake. Tangu msiba, hakuna mtu aliyemgombeza. Hakuitika, lakini usiku ule alilala vizuri.

Ikawa kila siku inaita. Kila siku kwa mbali kidogo. Mwanzo ilitoka kwenye maabara, kisha kwenye mikorosho, kisha nyuma ya mikorosho, ambako chuo kinaishia na pori linaanza. Kudra akawa anasogea kwenye wavu ili aisikie. Jioni moja, adhana ya magharibi inatoka kijijini, sauti ilikuja nyembamba, ya mtu aliyekwisha kugeuka.

"Haya, Kudi. Mimi nakwenda."

Nani angevumilia? Mimi nisingevumilia.

"Abee!" alipiga kelele. "Abee, mama! Nipo huku!"

Wadudu walinyamaza. Bomba lililokuwa linadondosha maji likaacha kudondosha.

Kisha mtu akanong'ona, nyuma ya wavu, karibu kabisa na sikio lake.

"Abee."

Haikuwa sauti ya mama yake. Ilikuwa ya kwake.

"Abee, mama," ikarudia taratibu. Ikakosea kidogo. Ikajaribu tena. Safari hii haikukosea.

Kudra alifungua kinywa apige yowe. Hakikutoka kitu.

Mzee Seifu alimkuta getini ameshika koo, macho yamemtoka. Akiwa anamuuliza kuna nini, sauti ya Kudra ilisikika kutoka kitaluni, safi, yenye adabu.

"Shikamoo, Mzee Seifu."

Mzee Seifu aliziba mdomo wake kwa kiganja. Hakuitikia marahaba.

Hospitalini daktari alimulika koo, akasema ni zima. Mzee Hussen alikuja kumchukua, na njia nzima aliongea. Mtu yule asiyeongea! Alimweleza habari za mananasi, za mbuzi, za paa linalovuja. "Sema hata neno moja, mwanangu," alimwambia. "Hata unitukane." Kudra alimshika mkono tu.

Waliishi hivyo kwa muda. Halafu jioni moja, Kudra anachambua mchele, baba yake anajiandaa kwa swala, mlango ukagongwa.

"Hodi! Baba, nimerudi!"

Ungo ulianguka. Kudra alimrukia baba yake, akamvuta kanzu, akatikisa kichwa mpaka kilemba kikamvuka. Mzee Hussen alimtazama. Alikiona kinywa cha mwanawe kimefumbwa.

"Hodi, baba! Nipo na mama!"

Alijua. Ndilo linaloniuma mpaka leo: alijua. Alimpangusa Kudra machozi, akageukia mlango.

"Karibuni," akasema.

Hajasema neno lingine tangu siku hiyo.

Ukipita pale kwao saa za jioni, utawakuta wawili wamekaa barazani, kwenye mkeka. Ukiwasalimu watakuinamishia vichwa. Nyuma yao mlango umefungwa, na ndani watu watatu wanazungumza. Biasha anafoka kuhusu chumvi. Kudra anaitika abee. Mzee Hussen anacheka, kile kicheko chake cha zamani tulichokisahau. Nimekisikia kwa masikio yangu, nikakimbia bila kandambili.

Tuliwaambia wahame. Juzi shangazi yake Kudra alikuja na gari kutoka Tangini kuwachukua. Wakakataa kwa mikono, wote wawili, kwa upole. Gari lilipoondoka niliwaona wananyanyuka, wanaushika mkeka huku na huku. Wakausogeza mpaka kwenye kizingiti, wapate kusikia vizuri.