Simu Kutoka Ubalozini

"Swali la mwisho, mama," ilisema sauti ya kiume kwenye simu. "Huyu mfanyakazi wako, tukimpa viza, atarudi?"

Mama Povu alikuwa amesimama katikati ya duka lake la dobi, simu sikioni, shuka la mteja linamchuruzikia miguuni. Jina hilo alipewa na mtaa, na alikuwa amelizoea kiasi kwamba ukimwita la kwao hageuki. Maswali ya mwanzo alikuwa ameyajibu bila kigugumizi. Ndiyo, ni fundi wangu wa mashine. Ndiyo, nimempa likizo ya miezi mitatu, barua hiyo nimeisaini mimi mwenyewe. Hili la mwisho ndilo lilikuwa jepesi kuliko yote. Neno moja tu lilitosha.

Likamkwama kooni.

Tatizo ni kwamba Fundi hakuwa fundi wake wa mashine tu. Alikuwa mpenzi wake, na mtaa mzima ulijua, hata kama mbele ya wateja walijitia kuitana Bosi na Fundi kwa sauti za kazi. Na Mama Povu aliwahi kuwa na mume. Mume yule aliondoka siku moja akisema anakwenda kutafuta maisha nchi za watu, mwaka hauishi atakuwa amerudi. Mpaka leo kiatu chake kimoja kilikuwa bado uvunguni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama Povu alishtuka vibaya.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Atarudi?"

"Kwa kweli, baba," alisema, "siwezi kuapa kwa niaba ya mtu mzima."

Upande wa pili kalamu ikasikika ikiandika. Kisha sauti ikamshukuru kwa adabu na simu ikakatwa.

Mama Povu aliitazama ile simu. Aliibonyeza namba ile ile kupiga tena, akaambiwa haipokei simu. Angeweza kuchukua gari na kwenda mwenyewe, ubalozi haukuwa mbali. Lakini aliingia mteja na mapazia yake, akaanza kueleza doa la chai lilivyopatikana, na Mama Povu akamsikiliza mpaka mwisho. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Mama Povu hayakusubiri ujukuu, yalizaliwa hapo hapo dukani.

Jioni Fundi alirudi na bahasha mkononi, tai ya kuazima imelegea shingoni.

"Wamenikatalia."

"Wamesemaje?"

"Eti hawajaridhika kwamba nitarudi." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Labda uso wangu. Nina uso wa mtu wa kutoroka, Bosi?"

Mama Povu alimvua ile tai taratibu asimtazame machoni. Alimwambia pole. Alisema ataomba tena, wengi hukataliwa mara ya kwanza. Maneno yote ya kufariji aliyatoa, isipokuwa moja.

Hapa lazima msomaji ajue safari yenyewe ilikuwa ya nini, maana haikuwa ya kupiga picha kwenye majengo marefu. Mama yake Fundi alikwenda ng'ambo kulea wazee wa watu wakati mwanawe bado anavaa kaptula za shule. Alimsomesha kutoka huko huko. Sasa yeye mwenyewe alikuwa analelewa na mdogo wake, kwa sababu ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza kumla, na madaktari walikataza asipande ndege. Mama mdogo ndiye aliyepiga simu. Alisema, "Njoo wakati bado anakutaja."

Usiku ule wakila, Fundi alisema jambo ambalo Mama Povu angetamani asingelisikia.

"Unajua nilitaka kwenda kumwomba nini?"

"Nini?"

"Baraka. Kwa ajili yako. Nilitaka nimwonyeshe picha yako, nimwambie, mama, huyu ndiye. Akisema sawa, nikirudi tu tunafunga ndoa. Nilitaka aseme akiwa anajua anachosema."

Mama Povu alisukuma sahani pembeni. Alisema kichwa kinamuuma, na hakusema uongo.

Siku iliyofuata alikwenda kwa msusi wa jirani, shoga yake wa kufa na kuzikana, akamweleza kila kitu akiwa ameinamisha kichwa anasukwa. Msusi aliacha kusuka.

"Mwambie leo."

"Ataniacha."

"Akisikia kwako atakasirika. Akisikia kwa mtu mwingine ndiyo atakuacha."

Ulikuwa ushauri mzuri na Mama Povu aliujua hivyo. Akaahidi kusema Jumapili. Jumapili ikapita. Fundi alikuwa mchangamfu siku ile, na nani anataka kuharibu siku ya mtu mchangamfu? Jumapili nyingine ikapita na sababu yake. Kila simu ya ng'ambo ikiingia, Fundi aliweka sauti kubwa ili mama asikie vizuri, na Mama Povu akisikia pia. Mwanzoni mama alimwita "mwanangu". Baadaye akawa anamwita kwa jina la marehemu baba yake. Kisha ikaja ile ya jioni moja, mashine zimezimwa, duka kimya. Walimsikia mama akimgeukia mdogo wake.

"Huyu kijana ni nani? Ana sauti nzuri."

Fundi aliagana nao kwa heshima, akakata simu, akaenda nyuma kwenye mashine ambayo haikuwa na ubovu wowote, akaifungua. Mama Povu alimsikia analia. Alisimama mlangoni na maneno mdomoni, akageuka. Hilo nalo alikuja kulijutia kuliko hata ile simu.

Maombi ya pili yalipokwenda, Mama Povu aliandika barua mpya kwa moyo wake wote. Ubalozi ulipopiga, hakungoja aulizwe.

"Atarudi," alisema. "Huyo ni mtu wa kauli yake. Mpeni aende, nawaombeni sana, mama yake anamsahau."

Alipoweka simu chini alijisikia mwepesi, kama mtu aliyelipa dhambi. Alinunua hata nyama.

Fundi aliingia saa za kufunga. Safari hii tai ilikuwa imekaa sawa.

"Nimepata," alisema.

Mama Povu alipiga vigelegele nusu. Nusu nyingine iliishia njiani, kwa sababu Fundi hakusogea pale mlangoni.

"Yule bwana wa dirishani ameniuliza kitu. Ameniuliza nini kimebadilika. Nikamuuliza kwa vipi. Akasema, mara ya kwanza mwajiri wako hakuwa na hakika kama utarudi. Sasa anakuombea kwa machozi."

Mashine moja ilikuwa bado inazungusha maji. Ilisikika mpaka ikamaliza.

"Nilitaka kukwambia," alisema Mama Povu.

"Lini?"

"Kila Jumapili."

"Uliniona nikilia pale nyuma?"

"Nilikuona."

"Na hukusema."

"Niliogopa, mpenzi. Unajua yaliyonikuta. Yule mwanaume alisema atarudi, nikamwamini, nikabaki nahesabu magari yanayopita. Sikutaka kukuumiza. Nilishindwa tu kulitamka neno."

Fundi alifungua tai akaikunja, akaiweka mezani.

"Yule aliondoka. Mimi nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda. Ulishindwa kututofautisha?"

Hakumpigia kelele. Mama Povu angefurahi kama angempigia kelele. Aliondoka na begi lake, na uwanja wa ndege alisindikizwa na rafiki zake.

Wiki za mwanzo hakukuja neno. Kisha ukaja ujumbe mmoja: "Nilifika salama. Mama ni mzima wa mwili. Ananiita daktari. Ananiambia ana mtoto wa kiume nyumbani, kijana mzuri, siku moja atakuja kumwona."

Mama Povu aliusoma akiwa amekaa juu ya mfuko wa nguo chafu za watu. Aliandika "nisamehe", akafuta. Akaandika tena, akatuma. Haukujibiwa.

Likizo ilipokwisha, Fundi alirudi. Aliingia dukani asubuhi, amekonda, koti jipya la baridi mkononi lisilo na kazi huku. Mama Povu alimtengea kiti.

"Nilimwambia habari zako," alisema Fundi. "Alikuwa bado ananiita daktari, nikamwambia kuna mwanamke nataka kumuoa. Akafurahi. Akaniuliza kitu kimoja tu, huyo mwanamke anakuamini?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo. Sijawahi kumdanganya mama yangu maishani, nilimdanganya siku hiyo. Akanishika kichwa, akatubariki. Kwa hiyo baraka ninayo, Bosi. Siwezi kuitumia."

Mama Povu alilia bila kujificha. Alimwomba msamaha kwa ile simu, kwa zile Jumapili, kwa kusimama mlangoni akageuka. Fundi alimsikiliza yote. Alimwambia amekwisha kumsamehe, tena zamani, akiwa bado angani. Lakini alikuwa amepata kazi kwenye mashine za kufulia za hospitali ya hapa mjini na angeanza wiki ile ile. Alikagua mashine zote za duka kabla ya kuondoka, akakaza mkanda uliolegea, akanawa mikono, akaaga.

Msusi alimwona akipita, akaja mbio na kitana mkononi.

"Si yule Fundi? Wewe si uliogopa hatarudi? Mbona amerudi?"

"Amerudi," alisema Mama Povu, akiokota tai iliyokuwa imebaki mezani tangu siku ile. "Ila si kwangu."