Mtutu Uliooshwa kwa Maji

Mwili wa Mzee Masalu ulikutwa Jumamosi saa kumi jioni, kifudifudi, uani kwake, hatua nne kutoka kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Kata ya kibuyu ilikuwa bado mkononi. Risasi moja ilikuwa imeingia mgongoni, chini kidogo ya bega la kushoto.

Polisi wa Bariadi hawakufika siku ile. Mvua iliyonyesha mbali ilikuwa imejaza mto na gari halikuweza kuvuka. Walifika Jumapili saa moja asubuhi: Inspekta Specioza, mama wa makamo asiyependa kelele, na Konstebo Mihayo aliyebeba mkoba wa vifaa.

Walikuta ua umejaa watu. Pembeni, karibu na ghala la pamba, mwanamke wa miaka sitini na ushee alikuwa amekaa chini, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Huyo ndiye Domitila, mke wa marehemu.

"Nani amemfunga?" Inspekta aliuliza.

"Mimi, afande." Aliyejibu alikuwa Malimi, kamanda wa sungusungu wanaolinda kijiji, mdogo wake marehemu wa tumbo moja. Alivaa filimbi shingoni na koti zito, ingawa jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

"Kwa nini?"

"Bunduki ya kaka tumeikuta imerudishwa sandukuni, chumbani kwao. Mgeni angekimbia nayo. Aliyeirudisha ni mtu wa nyumba hii, na nyumba hii ina watu wawili tu. Mmoja ndiye huyo amelala. Wanawake wa kisimani wanamtetea, lakini ni marafiki zake."

"Mfungue."

"Afande, watu wana hasira. Wamesema akionekana yuko huru wanamchoma moto."

"Ndiyo maana umfungue wewe, siyo mimi. Kamba uikate mwenyewe, kila mtu akuone."

Malimi alikata kamba. Watu wakanung'unika. Domitila alisugua vifundo vya mikono yake. Alijua, na Inspekta alijua pia, kwamba asipopatikana mtu mwingine kabla ya maziko, mama huyu angefia gerezani au angefia njiani.

Mihayo alipiga picha, akapima hatua, akatafuta ganda la risasi. Hakuliona. Mwili ulifunikwa shuka ukapakiwa kwenye gari, upelekwe hospitali kwa uchunguzi wa daktari.

Inspekta akavuta kigoda, akakaa mbele ya Domitila.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Jana saa nane hadi saa kumi ulikuwa wapi?"

"Kisimani. Pampu imekufa, tunavuta kwa kamba, foleni mpaka kichakani."

"Mlio mliusikia?"

"Tuliusikia. Tukasema Masalu anafukuza nyani kwenye mahindi. Jirani yangu Felisita akanitania, 'Mume wako leo hana huruma na wajukuu zake.' Tukacheka." Aliutazama mtungi wa maji. "Tulicheka, mwanangu."

"Bunduki aliitoa kwa nini?"

"Jumatatu ilikuwa siku yake ya kuipeleka Bariadi, ikaguliwe. Miaka thelathini alikuwa askari wa wanyamapori. Huyo hapeleki bunduki chafu kwa mkaguzi. Akaitoa sandukuni, akapanga vifaa, akasema atanisubiri nirudi na maji."

"Akusubiri wewe wa nini?"

"Si mimi ndiye ninayeisafisha! Vidole vyake vimekakamaa tangu astaafu. Mimi nasafisha, yeye anakaa hapo ananisumbua. 'Polepole. Siyo hivyo. Hiki si kinu cha mpunga, mke wangu.'"

Nyuma yake wanaume walicheka kwa dharau. Malimi akainua mkono.

"Mmesikia wenyewe? Anajua bunduki. Kajisema kwa mdomo wake!"

"Kamanda," Inspekta alisema bila kugeuka, "nikikuhitaji nitakuita."

Aliingia ndani. Sanduku la chuma lilikuwa wazi, kufuli likining'inia na ufunguo wake. Kopo la risasi lilikuwa humo humo. Inspekta alivaa glovu, akaitoa bunduki, akakagua chemba, panapoingia risasi. Ilikuwa tupu. Akachomoa bolti, komeo lake la nyuma, akaipeleka bunduki mwangani. Aliweka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu ili kirudishe mwanga ndani, kisha akachungulia kupitia mdomo wake.

Alichungulia muda mrefu.

"Mihayo, njoo. Unaona nini?"

"Mifereji ya kuzunguka, afande. Masizi hayapo. Imesafishwa."

"Bunduki iliyoua mtu jana, imesafishwa. Angalia tena."

"Kuna... kama vidoa. Vya rangi ya chungwa."

"Kutu. Kutu changa ya usiku mmoja. Sasa angalia huku kwenye chemba."

Mihayo alichomeka kitambaa cheupe upande wa nyuma, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa cheusi tii, na katikati kilishika uji mzito wa mafuta. Inspekta akakinusa.

"Samli," alisema.

Uani, kando ya kiti cha marehemu, vifaa vilikuwa bado juu ya gunia: ufito wa kusafishia, brashi ya shaba, chupa ndogo ya dawa ya kuondolea masizi, kopo la mafuta mepesi ya bunduki, na vitambaa vyeupe ishirini vilivyokatwa sawasawa. Brashi ilikuwa kavu. Hakuna kitambaa hata kimoja kilichotumika. Ila ufito ulikuwa na alama za vidole vyenye mafuta. Mihayo aliufunga kwenye mfuko wa vielelezo.

"Mayu," Inspekta alisema, "nionyeshe unavyosafisha. Usiiguse bunduki. Nionyeshe kwa kijiti na huu mwanzi."

Domitila alishangaa, lakini akaushika mwanzi. Kwanza alijifanya anachungulia kama kuna risasi, mara mbili. Kisha akajifanya anachomoa bolti na kuiweka chini upande wa kulia. Akaulaza mwanzi mapajani, akapitisha kijiti kutoka nyuma kwenda mbele.

"Daima kutoka nyuma. Ukitokea mdomoni unasukuma uchafu wote chemba, tena ufito unakwangua mdomo wa mtutu, risasi haiendi tena sawa. Naanza na kitambaa chenye dawa. Nasubiri kidogo, dawa iyale masizi. Halafu brashi, mara kumi. Halafu vitambaa vikavu, kimoja kimoja, mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Mwisho mafuta. Tone moja tu."

"Maji unatia wakati gani?"

"Maji?" Domitila alimtazama kama mtu aliyeulizwa anaweka chumvi wakati gani kwenye chai. "Maji kwenye chuma kile! Masalu angenirudisha kwetu Malampaka siku hiyo hiyo."

"Na samli?"

"Samli ni ya ugali, mwanangu. Inanata, inachacha, inavuta mchanga."

Inspekta aliingia jikoni. Kwenye mafiga palikuwa na sufuria kubwa, tupu. Kibuyu cha samli kilikuwa juu ya kichanja, kizibo chake kimelala chini kwenye majivu.

"Sufuria hii?"

"Nilimwachia maji ya kuoga, yanachemka. Niliporudi nilikuta hayamo. Nikajua ameoga. Lakini..." Domitila aliitazama sufuria. "Lakini miguu yake ilikuwa na vumbi. Hakuoga."

Inspekta alitoka nje akasimama mbele ya watu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia bei ya pamba.

"Kamanda Malimi, sogea. Wewe bunduki unazijua?"

"Sizijui, afande. Sisi sungusungu ni mishale na fimbo."

"Basi nisaidie tu kwa akili ya kawaida. Mtu aliyemuua kaka yako aliosha mtutu. Nadhani alikwenda mtoni, akauosha kwa maji baridi, masizi yakatoka."

Malimi alitabasamu kidogo, kama fundi anayemsikia mtoto.

"Maji baridi hayatoi masizi, afande. Sharti yachemke. Tena yakiwa ya moto, chuma kinajikausha chenyewe, unapaka mafuta, basi."

"Unapaka mafuta gani?"

"Yoyote. Samli, ya kondoo, yoyote."

"Umejifunzia wapi, wewe usiyezijua bunduki?"

Malimi alishika filimbi yake.

"Wazee husema."

"Wazee husema kweli, ila hawasemi juu ya bunduki hii. Risasi hizi za dukani masizi yake hayaoshwi kwa maji. Maji yanaleta kutu tu. Masizi yanayotaka maji ya moto ni ya baruti nyeusi. Ya gobore. Na gobore halina tundu la nyuma, kwa hiyo mwenye gobore huosha kutokea mdomoni. Mkono ukizoea, umezoea." Alimgeukia Mihayo. "Mwite mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Tunapekua kwa huyu."

"Afande, mimi ndiye niliyepiga simu polisi!"

"Nakushukuru. Tangulia."

Nyumba ya Malimi ilikuwa ng'ambo ya shamba la dengu. Walianza na ghala la pamba. Mihayo alizama kwenye pamba hadi kiunoni, akapapasa, akapiga chafya, akapapasa tena. Alitoa gobore lililofungwa ngozi ya mbuzi. Akatoa mfuko wenye baruti na vipande vya nondo. Ndani ya mfuko huo huo mlikuwa na ganda moja la risasi, jipya, na darubini nyeusi iliyochongwa jina kwa ncha ya kisu: SALU.

Mwenyekiti wa kitongoji alirudi nyuma hatua moja. Jina hilo kila mtu alilijua. Salu alikuwa askari kijana wa pori la akiba, aliyepigwa vipande vya chuma kifuani miaka miwili iliyopita, na muuaji wake hakupatikana. Kazi alifundishwa na Masalu.

Inspekta alimtazama Malimi.

"Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani."

Malimi alikaa chini juu ya pamba. Alikaa kama mtu aliyetua mzigo.

"Salu alinikuta porini na pofu, yule swala mkubwa, niliyemuua. Nilimsihi. Akasema twende kituoni. Nikampiga. Darubini niliichukua sijui kwa nini, ilikuwa nzuri."

"Na kaka yako?"

"Ijumaa alikuja kuazima magunia. Mimi sikuwepo. Aliyatafuta humu, akaikuta darubini ya Salu." Alifuta uso kwa kiganja. "Jana aliniita. Akasema, 'Jumatatu napeleka bunduki yangu Bariadi, na wewe utapeleka yako. Tutakwenda wote. Nitakushika mkono.' Nikamwambia, kaka, watanifunga mpaka nife. Akasema, 'Najua.' Kisha akainuka kwenda kunywa maji. Kopo la risasi lilikuwa wazi pale kando ya kiti, kabla sijalirudisha sandukuni, nami niliwahi kumwona akiijaza bunduki."

"Ukampiga mgongoni."

"Usoni nisingeweza."

"Kwa nini uliiosha? Ungeitupa palepale."

Malimi alifikiri. Ilionekana hajawahi kujiuliza.

"Ilikuwa imepigwa, afande. Silaha iliyopigwa inaoshwa. Nilikuwa nimeshaipaka samli ndipo nikakumbuka kwamba kaka amelala pale."

"Na shemeji yako ukamfunga kamba."

Malimi alinyoosha mikono ili afungwe pingu.

Walimrudisha kwa pingu kupitia shamba la dengu, gari likiwa limesharudi kutoka hospitali. Watu waliokuwa na mawe mikononi waliyadondosha kimyakimya, mmoja mmoja, wakijifanya wanakung'uta nguo. Domitila alikuwa amesimama mlangoni kwake. Inspekta alimweleza yote kwa maneno machache, kwani maneno mengi hayakuhitajika.

Domitila alikwenda hadi kwenye gari, akasimama mbele ya Malimi aliyekuwa ameketi humo.

"Kwa hiyo hili ndilo Masalu alilokuwa ananificha tangu Ijumaa," alisema. "Alirudi hana magunia. Akala vijiko viwili, akasukuma sahani. Akaniambia, 'Mama, mwaka huu tutalima na shamba la Malimi. Na watoto wake watano watakula hapa.' Nikamuuliza, kwani Malimi anakwenda wapi? Akasema nitajua Jumatatu."

Malimi aliinamisha kichwa mpaka filimbi ikagusa magoti.

"Shemeji..."

"Usiniite hivyo. Sijakusamehe." Domitila aligeuka, akawaita watoto wa Malimi waliokuwa wamejibanza kwenye ukuta wa nyumba ya baba yao ng'ambo ya shamba. Aliwaita kwa majina yao yote matano, kwa sauti kubwa, ili kijiji kizima kisikie. Kisha akaingia jikoni kubandika ugali.