Kisichosema Ni Nini

Programu iliingia kwenye folda moja saa nane mchana, na hadi saa tisa ilikuwa haijatoka.

Fundi wa kompyuta alidhani imekwama. Kumbukumbu zote za wagonjwa zilikaa kwenye mashine kuukuu iliyofungiwa stoo ya chini, naye, akiwa juu masjala, alizivuta kupitia mtandao azihamishie kwenye mashine mpya. Kila programu ilipouliza folda fulani ina nini, mashine ile ilitaja majina, na kando ya kila jina ikasema hiki ni faili, hiki ni folda. Ila mara nyingine ilitaja jina tu, na kando yake ikaandika: haijulikani.

Hapo ilipasa programu irudi kuuliza, jina moja moja, wewe ni kitu gani? Lakini majina yalikuwa maelfu, mkuu wa hospitali alitaka kazi iishe Ijumaa, na Fundi alikuwa hoi. Akaandika mstari mmoja wa njia ya mkato: kisichojulikana, kichukulie kuwa ni folda, kifungue, ingia.

“Umekifungua bila kukiuliza?” alisema karani wa masjala. Hospitali nzima ilimwita Mzee Karatasi, maana kwa miaka thelathini hakuamini kitu asichoweza kukishika.

“Ni kompyuta tu, mzee wangu.”

“Haya. Mimi jalada lisilo na lebo siligusi mpaka nijue limetoka wapi. Lakini nani anamsikiliza mtu wa karatasi.”

Akacheka, na Fundi akacheka. Kisha wote wawili wakanusa. Palinuka nywele mbichi zilizoungua.

Kwenye kioo cha kompyuta mistari ilikuwa ikishuka. Ndani ya folda folda, na ndani yake folda nyingine, zote hazina jina, mia tatu, mia nne. Na kila mstari mmoja ulipoandikwa, kule chini, kwenye ngazi za stoo, ilisikika hatua moja ikipanda.

“Kuna mtu chini?” Fundi alinong’ona.

“Ufunguo ninao mimi.” Mzee alijipapasa mfukoni. “Labda paka. Ngoja nikaangalie.”

Fundi alitaka kumzuia, akaona haya. Alimsikia akishuka, akasikia kitasa, halafu hatua zote mbili, zake na zile nyingine, zikakatika kwa pamoja. Kwenye kioo mistari ilisimama.

Mzee Karatasi alirudi baada ya dakika tano, akaketi, akaanza kupanga majalada.

“Kulikuwa na nini, mzee?”

Alitabasamu tu, na tabasamu lile halikuondoka siku hiyo wala ya pili, na harufu ilimfuata kila alikopita. Jambo moja zaidi Fundi aliliona, akatamani asingeliona: mzee hakuvuka mlango wowote mpaka aliye ndani amwambie karibu.

Siku ya tatu asubuhi mke wa Mzee Karatasi alipiga simu masjala. Alikuwa akizungumza chinichini, kama mtu aliyefunika kipaza kwa kiganja.

“Mwanangu, mume wangu alirudi juzi jioni akasimama kizingitini, hasemi, hagongi, anatabasamu tu, nami nikaendelea na kazi zangu nikidhani ni utani wake, hata nikachoka kumtazama pale amesimama, nikamwambia karibu basi, ndipo akaingia, na tangu aingie maji yote ya mitungini yananuka nywele, na nikimwita kwa jina lake anageuka, lakini anageuka kama mtu aliyesikia jina la mtu mwingine. Niambie. Nimefanya vibaya?”

Fundi aliiweka simu. Alishuka moja kwa moja hadi kwa mama aliyefua mashuka ya wodi, Mama Dobi, ambaye manesi walimpelekea kimyakimya watu waliopandwa na wasioonekana. Alimweleza yote, hata ule mstari.

Mama Dobi alikausha mikono yake polepole. “Kuna viumbe haviwezi kuingia mpaka viambiwe. Wewe umeviambia kwa maandishi. Mimi siwezi kukifuta ulichoandika. Kifute mwenyewe, mimi nitakuwa na mzee.”

Wakapanda. Mzee Karatasi alikuwa kwenye kiti chake. Mama Dobi alipiga magoti mbele yake, akamshika vifundo vya mikono.

“Wewe ni nani?”

Tabasamu.

“Wewe ni nani?”

Sauti iliyotoka haikuwa ya mzee, ilitoka mbali, kama mtu anayesema kutoka kwenye chumba kilicho ndani ya chumba kilicho ndani ya chumba. “Nilikaribishwa.”

“Andika,” Mama Dobi alimwambia Fundi bila kugeuka.

Fundi alifuta mstari wake, na vidole vikikosea na kurudia akaandika ule aliopaswa kuuandika tangu mwanzo: kisichojulikana, kiulize kwanza, kisipojibu, usikifungue. Akaiwasha programu. Majina yaliyojificha yalianza kujibu moja baada ya jingine, mimi ni faili, mimi ni folda, mpaka likafikiwa lile moja, na programu ikauliza, ikangoja, ikauliza, na taa za masjala zikafifia, na kule chini hatua zikaanza tena, sasa zikishuka, zikishuka kupita mahali ambapo ngazi zenyewe huishia, na Mzee Karatasi akafumbua kinywa akapumua kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Halijajibu, programu iliandika. Nimeliacha.

Harufu ikakatika. Mzee akaanguka mikononi mwa Mama Dobi.

Alilazwa wodi ya ghorofa ya pili, na mwili wake ukapona upesi. Fundi alikwenda kumjulia hali kila asubuhi, lakini hakuvuka mlango. Alisimama koridoni akimsikiliza mke wa mzee akimkorogea mumewe uji, akiupuliza, akimlisha. Mzee alikula vizuri. Alishukuru kila kijiko. Kisha, kwa adabu kubwa, kama mtu aliyepanga foleni na mgeni, alimuuliza mwanamke yule aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja:

“Samahani, mama. Wewe ni nani?”

Mkewe alimwambia. Akavuta shuka, akamfunika miguu, akamwambia tena.